Ni Dhahiri Kwamba

Makala yalikuwa nyuma ya mlango wa dola thelathini;
nikamwandikia mwenyewe, akanitumia bure, usiku.

Kurasa kumi na mbili. Nilielewa kumi na moja.
Ukurasa wa saba, chini ya grafu, ameandika
"ni dhahiri kwamba", kisha jibu, kavu.

Maseno, mvua ya saa tisa juu ya mabati,
stima imepotea na slaidi zangu.
Daktari Andabwa akauliza:
"Dhahiri kwa nani, Akeyo?"

Nikameza mate.
Ogolla, kule nyuma: "Hata mimi hapo niliruka."
Wakacheka, kicheko cha walioruka pia.

Chaki. Ubao. Tukafuta, tukaanza upya.

Nakala yangu sasa ina penseli pembeni:
si dhahiri.
Watu kumi na wanne, dakika mia na kumi.