Bomba na Bomu

Jumatatu nilianza na Bi Mwanjaa, Barabara ya Kumi na Tatu.
Nilimsomea waraka wote, taratibu, kama risala ya harusi.
Alisikiliza huku akipepeta mchele, halafu akasema:
"Mwanangu, tuyakatae mabomba?
Na hayo machache yenyewe hayatoi maji?"
Si bomba, mama. Bomu.
"Aa." Ungo ukasimama hewani.
"La wapi?"

Hapo ulimi wangu ulikwama.
La wapi. Yamelala kwenye mashimo yenye walinzi
na umeme usiokatika, maelfu,
kila moja likisubiri kidole cha mtu
ambaye hajawahi kuisikia Ngamiani.
"Basi kidole kwa kidole," akasema,
akachovya chake kwenye kidau nilichoazima ofisi ya mtaa.
"Ila andika na bomba. Wakisoma, wasome yote."
Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo:
na bomba la Barabara ya Kumi na Tatu, kavu tangu Februari.

Mimi ni fundi cherehani. Mchana nashona,
jioni napanda baiskeli, daftari kikapuni.
Muuza nazi alidhani ni mkopo,
akauliza marejesho ni kila wiki au kila mwezi.
Mwingine alianza, "Wapiganapo tembo..."
Nikamkatisha: kaka, siku hiyo
hata tembo hatabaki wa kupewa pole.

Kinyozi wa Makorora, kijana, alicheka sana.
"Tanga ina nini cha kuwatisha wakubwa?"
Nikamwambia: mwaka wa kumi na nne, vita ya Mjerumani,
meli zilishusha jeshi hapa hapa,
na waliolikimbiza si mizinga peke yake.
"Nani tena?"
Nyuki.
Alicheka tena, lakini kidogo.
Akasaini kwa mkono wa kushoto, wa kulia una mashine,
kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, nusu kikitusikiliza.

Sajini mstaafu Shekalaghe, mguu aliuacha ng'ambo ya Kagera.
Kisanduku cha sahihi hakikumtosha.
Aliomba kalamu, akainama muda mrefu,
akavuka mistari ya watu watano:

*Naandika kwa mkono, uliopiga risasi,*
*Mguu wangu ni neno, lililoacha nafasi,*
*Bomu halina agano, halibagui libasi,*
*Sahihi yangu ni hino, isomeni kwa wepesi.*

Sikumwambia kwamba fomu haipokei mashairi.

Usiku nilitandaza ramani ya mji
juu ya meza ya kukatia vitambaa.
Nikaweka kidole sokoni, nikafunga uzi kwenye chaki,
nikazungusha, kama nakata sketi ya duara.
Chumbageni ikaingia. Raskazone ikaingia.
Shule, hospitali, kwa mama yangu Mabawa.
Uzi nikaulegeza, nikazungusha tena,
chaki ikatoka kwenye karatasi, ikaandika juu ya mbao.
Sikujua pindo la vazi hili linaishia wapi.
Nikafuta kwa kiganja. Mbao haikutakata.

Ijumaa, posta.
Karani aliweka bahasha kwenye mizani:
majina mia tatu na kumi na mawili,
gumba la Bi Mwanjaa, ubeti mmoja, bomba moja,
gramu mia nne na kitu.
"Inakwenda Ulaya? Kuna nini ndani?"
Karatasi.
"Thamani yake?"
Nyuma yangu foleni ilikohoa.
Niliwaza bei ya stempu, ya daftari, ya wino,
ya tairi la nyuma nililoziba mara mbili.
"Dada, lazima niandike kitu. Niandike sifuri?"
Usiandike sifuri, nikasema.
Akangoja, kalamu juu ya kisanduku,
nami nikangoja naye, sina tarakimu.