Uzi Uliowahi Kunyeshewa

Jumanne alfajiri, soko la Virunga likifungua marobota,
mimi, mwenye goti lililoukataa mlima,
nilimshika Katembo mkono kama mtoto anayepelekwa chanjo.
Kesho yake angebeba mzigo wake wa kwanza kutoka Kibati:
maji, makaa, mikate ya wageni.

Macho yake yalikuwa kwenye jaketi linalong'aa,
lenye herufi mgongoni ambazo hakuna ajuaye kuzisoma.
Nililipapasa. Plastiki iliyojifunza kuitwa nguo.

"Na shati hili la pamba?"
Pamba, mdogo wangu, ni rafiki wa mchana.
Jua likiwaka, hunywa jasho lako kwa adabu.
Mvua ikianza, hunywa na mvua,
huvimba, hukulalia kifuani kama maiti,
na kila upepo upitao ukiomba joto
yeye huugawia la kwako.

Nilivaa pamba ile Novemba mbaya.
Kule juu, hatua chache kutoka kwenye moto wa dunia,
meno yangu yaligongana hadi Mumbere akadhani nasali.
Akavua triko lake la sufu, nalo limelowa chapachapa,
akanivika.
Nikaisubiri baridi.
Nikaisubiri.

Mama Kavugho alikuwa na rundo ambalo hakuna alitakaye:
linawasha, linanuka dawa ya nondo.
Nikavuta uzi mmoja kwenye pindo la mkono.
"Ee baba, utaniunguzia maisha?"
"Uzi mmoja tu, mama." Nikawasha kiberiti.
Nailoni ingeyeyuka, ingeacha shanga nyeusi, ngumu.
Huu ulijikunja, ukasita, ukazimika wenyewe,
ukawa majivu ya kusagika kati ya vidole,
na hewa ikanuka nywele zilizoungua.
"Sikia harufu," nikamwambia Katembo.
"Huu umewahi kunyeshewa kabla yako."

Lakini triko lenyewe lilikuwa la kike:
maua mawili ya waridi kifuani,
kifungo kimoja hakipo, kiwiko kimeliwa.
"Watanicheka."
Watakucheka hadi kituo cha tatu.
Kutoka hapo kila mtu huhesabu pumzi zake.
Mama Kavugho alitaka elfu sita;
tukaachana kwenye tano, na soksi mbili zisizofanana.

Usiku aliolala juu, mvua ilipiga mabati yetu
kama mdai aliyechoka kubisha.
Nilikaa mlangoni, mkono juu ya goti,
nikiutafuta wekundu wa mlima nyuma ya mawingu.
Sikuuona. Sikulala.

Alirudi mchana, ananuka kondoo.
Hakusema asante. Alianza kulikamua triko
kama anayemnyonga kuku.
"Usilikamue," nikasema. "Lilaze."
Akalilaza juu ya jiwe jeusi la ukuta wetu,
maua yakitazama juu,
akalinyoosha mikono yote miwili, polepole,
kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali,
Mama Kavugho hufungua tena robota siku gani.