Sifuri Yenye Mkwaju

Misoji wa dagaa alinipigia simu kabla sijanawa uso.
"Mtambo wako unasema sina gunia hata moja.
Na mimi hapa nimeyakalia."

Nikapanda na kompyuta mpakato hadi kwenye jiwe la nyuma ya nyumba
(huku Bugarika jiwe ndilo kiti, ndilo uzio, ndilo mnara wa mtandao)
nikausoma msimbo mstari kwa mstari.
Saa tatu. Saa nne.
Ziwa likaanza kunirushia vioo machoni,
nikakodoa mpaka kishale kikawa viwili.

Kosa lilikuwa moja, la mviringo.
Ghala la K0 mimi nimeliandika KO.
Programu ilikwenda kuhesabu kwenye ghala lisilojengwa,
ikarudi mikono mitupu, bila aibu.
Fonti yangu ilizichora pacha,
hata mama yao asingezitenganisha.
Niliichagua kwa urembo, nakiri,
kama anayeoa kwa picha.

Basi nimekuwa msumbufu wa herufi.
Nazijaribu moja moja, kama viatu vya mtumba pale Mlango Mmoja:
hii ina mikia, itachafuka;
hii imebanwa pumzi, mabano yake yanaishia njiani;
hii nzuri, ila l na 1 na I
zimesimama gwaride moja, yupi koplo?
Nataka za upana sawa,
i ikae chumba kile kile inachokaa m,
bila kusukumwa, bila kuomba radhi.

Na kihariri?
Lushinge wa Nyegezi ana cha kifahari.
Kinamalizia neno kabla hajaliwaza,
kinapaka kila amri rangi yake,
na kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga.
Changu anakiita cha kizee:
skrini nyeusi, hakuna vitufe vya kubofya,
na siku ya kwanza nilishindwa kutoka ndani yake
nikaizima kompyuta kwa nguvu.
Kweli, sikatai.
Lakini umeme ukikatika saa mbili usiku
betri yake haifiki kwenye sala ya chakula,
na mimi bado naandika.
Tunabishana. Tutabishana tena Jumamosi.
Kila mtu na kisu chake cha kuparia sangara.

Baba aliandika namba za mitumbwi, mwaloni Kirumba.
Rangi ya mafuta, brashi nyembamba,
mimi nimemshikia kopo, nimelowa hadi magotini.
Sifuri zake zote alizipiga mkwaju
kutoka bega hadi nyonga.
Nilidhani ni pambo lake.
Siku moja nikamuuliza, akajibu bila kugeuka:
"Mtumbwi unayumba, maji yanameta, mkaguzi yuko mbali.
Shaka nikimwachia yeye,
faini atalipa mwingine."

Usiku vidudu vya ziwani vikaja wingu zima.
Nilisahau dirisha,
na skrini ndiyo ilikuwa taa pekee mtaani.
Kimoja kikatua mwisho wa mstari wa arobaini,
kikawa nukta.
Nikabonyeza kufuta.
Nikabonyeza tena.
Kikapiga mbawa, kikahamia mstari wa tisa,
nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nimepata fonti. Si nzuri.
Mabega mapana, haina madaha,
haiwezi kwenda harusini.
Niliandika 0
nikaitazama muda mrefu, ile mikato yake,
nikasikia harufu ya rangi ya mafuta.
Halafu nikarekebisha ghala.

Asubuhi Misoji akapiga.
"Sasa umeona. Magunia mia moja na nne."
104. Ile ya katikati imekatwa, haina ubishi.
"Ila maandishi haya ya kwenye simu, mwanangu,
nani anayasoma? Siafu?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.