Pima-Maji ya Fundi Mselem

Babangu huipima dunia kwa kiputo kimoja cha hewa
kilichofungwa ndani ya kioo kisichozidi kidole.
Akikiweka juu ya ukuta wa Kibokoni,
ule wa matumbawe ulioliwa na chumvi,
kiputo husogea, husita,
hutulia kati ya mistari miwili.
"Haya, mwalimu wa jiografia," asema,
"nambie yazunguka."

Nimemwambia. Mara ngapi, sihesabu.
Nilileta globu ya plastiki kutoka shuleni,
nikaizungusha juu ya meza ya chai:
Kenya ikapita, bahari ikapita, kisha Kenya tena.
Akaichukua, akaimwagia kikombe cha maji.
Maji yakatiririka, yakalowesha kitambaa cha meza.
"Bahari yenu iko wapi?"
Mamangu, siku hizo yu hai,
alitufokea sote wawili
kwa sababu ya kitambaa.

Roketi? Roketi ameliona kwa macho yake,
kijana wa miaka kumi na tisa,
mbeba sementi wa Wataliano kule Ngomeni.
"Lilipanda, sikatai. Moshi, kishindo, kuku wakakimbia.
Halafu likapinda, mwanangu.
Likapinda upande wa bahari, likaenda zake
kama mdeni aliyemwona mdai.
Mimi nikipandisha ukuta ukapinda,
mtasema umefika mwezini?"
Na timazi yaning'inia kidoleni mwake,
haitikisiki.

Siku moja kivukoni nilidhani nimemshika.
Feri iling'oka polepole, hata chai haikumwagika.
"Baba, fumba macho. Twaenda, hatwendi?"
Akafumba. Muuza korosho akapita.
"Ukifumbua utaona ni Likoni inayotujia."
Akafumbua jicho moja,
akatoa pima-maji mfukoni,
akaiweka juu ya boneti ya gari la mtu.
Kiputo kilikuwa kikitetemeka kama mgonjwa wa homa.
"Chombo kiendacho hutetemeka," akasema.
Mwenye gari akacheka, abiria wakacheka,
nami nikashuka ng'ambo na jibu langu mkononi
kama andazi la jana.

Leo sikubishana naye.
Amerudi Manyimbo, kucha zingali na udongo.
Yeye ndiye aliyeshuka kaburini,
yeye aliyeusawazisha mchanga wa mwanandani kwa kiganja,
maana hapo, asema, vijana hawajui kazi.
Watu wametawanyika. Sufuria za pilau zimerudishwa kwa wenyewe.
Amekaa barazani, kofia gotini.

"Nimemlaza kwa ubavu wa kulia," asema.
"Uso kibla. Nimehakikisha mara mbili.
Sasa ikiwa yako ndiyo kweli,
ikiwa yapinduka usiku kucha nasi tumelala,
uso wa Thureya saa hizi
waelekea wapi?"

Jibu ninalo. Nililifunza Kidato cha Pili
Jumanne asubuhi, kwa chaki ya buluu:
Makka nayo imo juu ya mpira huo huo,
na vinavyozunguka pamoja havipotezani.
Nikafungua kinywa.

Lakini alikuwa ameshaitoa pima-maji,
ameiweka juu ya saruji ya baraza, kati yetu.
Taa ya jirani ikaimulika.
Kiputo kikasogea, kikasita.
Tukainama sote wawili
kukitazama.