Nani Ameomba?

Simu ya Bi Sikudhani hulia saa nane za usiku
kwa kuwa huko inakotoka ni mchana.
Keko imelala, feni inakwaruza hewa,
naye anaketi kitandani, khanga mabegani,
anapapasa kutafuta miwani.
Tangu astaafu bandarini hana mshahara wa mtu,
ila ana dunia nzima inayomuuliza njia.

"Kontena lina nini? Hapana, usiniambie msaada.
Msaada si bidhaa. Taja kilichomo."
Mtu wa mbali anataja: maziwa ya unga, viatu, dawa.
"Dawa zinaisha muda lini?" Kimya.
"Viatu ni pea, au mguu mmoja mmoja?"
Kimya kirefu zaidi.
Kisha lile swali ambalo mimi, mjukuu wa dada yake,
nimelisikia mpaka naliota:
"Nani ameomba?"

Miaka thelathini na moja alipiga mihuri Kurasini.
Aliona vitanda vya hospitali vikizeeka juani
kwa kukosa karatasi moja,
aliona unga ukioza kwa wema usiouliza.
Huruma haitozwi ushuru, husema;
ghala ndilo hutozwa, tena kwa siku.

Halafu ikanyesha siku tatu,
Msimbazi ukaingia majumbani bila hodi.
Nikajitolea katika shule moja pale Kigogo,
darasa la nne B ndilo ghala letu,
ubaoni bado pana hesabu za kugawanya.
Mablanketi arobaini kwa kaya tisini:
gawanya utakavyo, halitoki.
Fesali, fundi redio, alibeba ndoo mpaka bega likavimba.
Sista Honorata aliwaandika watoto majina mikononi
kwa kalamu ya wino,
na jasho likiyafuta, anaandika tena.

Siku ya tano likaja lori.
Marafiki wa ng'ambo, watu wema kabisa,
wametuletea makoti.
Makoti ya theluji, yenye manyoya shingoni,
mia mbili na kumi na mawili,
Dar es Salaam, mwezi wa Aprili!
Tulicheka. Kisha tukaona aibu kucheka.

Bi Sikudhani akaja na daftari lake.
Akainua koti moja kwa vidole viwili
kama anayemtoa paka kisimani.
Sikuhitaji kumsikia, midomo yake niliijua.

Lakini Mwasiti,
ambaye godoro lake lilipita mbele ya macho yake
likielekea Jangwani,
mto juu yake, mto chini yake,
alikwisha kuchomoa sindano ya magunia.
Akashona koti kwa koti, mkono kwa mkono,
akamlaza mwanawe juu ya manyoya.
Mtoto akakoroma.
Kabla ya magharibi kina mama walikuwa wakipokezana ile sindano moja.

Bi Sikudhani alitazama sana.
Akavua miwani, akaifuta, na haikuwa chafu.
Akaandika:
*Makoti 212. Yamekuwa magodoro 35.
Waliotuma washukuriwe. Wasitume tena.*
Akafunga daftari. Akalifungua.
*Sindano: moja. Nyuzi: za kuazima.
Haya ndiyo yaliyoombwa.*

Juzi simu imelia, saa ileile.
Jicho lake la kushoto limeingia mtoto wa jicho;
akanisukumia: "Pokea wewe."
Kijana, mbali, ardhi yao imetikisika,
meli imejaa na hajui pa kuanzia.
Sauti yake ilikuwa inalia, au ulikuwa upepo.
Nikavuta daftari, nikakaza koo kama yeye:
"Haya. Taja kilichomo."

Bi Sikudhani, macho kayafumba,
akanifinya goti.
"Taratibu, mwanangu.
Kwanza muulize kama amekula."