Swali la Saba

Nalipwa kwa kila mlango unaofunguka.
Leo ni Bradford, mtaa wa matofali meusi
kwa moshi wa viwanda vilivyokufa kabla sijazaliwa.
Mvua nyembamba. Kalamu haishiki karatasi.

Swali la saba ndilo huwafanya watu
watazame nyuma ya bega langu:
*Kwa kipimo cha moja hadi tano,
unawaamini polisi kiasi gani?*

Bi Rokeya, namba kumi na mbili, kasema tano
kabla sijaimaliza sentensi.
"Tano, binti. Andika. Wazuri sana."
Mkono wake haukuachia komeo.
Karatasi za ukaazi za mumewe
zingali mezani kwa mtu fulani.
Nikaandika tano. Hofu haina kisanduku.

Gari lao likapita, polepole.
Watoto wakaukalia mpira wao.
Nami, mtumwa wa halmashauri,
nikajikuta nakitoa kitambulisho ndani ya koti
kining'inie, kionekane.

Mzee Everton Pryce, dereva wa basi mstaafu,
kacheka mpaka kakohoa.
"Mwaka wa themanini na moja walinisimamisha mara tisa.
Mara ya tisa nimevaa sare ya kampuni,
funguo mkononi,
abiria wamekaa ndani wananisubiri."
"Basi niweke moja?"
"Chini ya moja pana nini?"
Nyuma yake, mlangoni, limetundikwa shati
jeupe, limenyooshwa, lina namba begani.
"La mjukuu wangu. Anaanza Jumatatu.
Pasi nimepiga mimi.
Hilo usiliandike."

Zaneta, Mroma wa kutoka Slovakia, hakufungua.
Tulizungumza kwa tundu la barua,
mimi nimeinama, naona viatu vyake tu.
Wiki jana kaporwa pochi.
"Uliripoti?"
"Kwa nani?"
Nikasubiri. Viatu vikaondoka.

Usiku mashine ikajumlisha, ikagawa:
wastani, tatu.
Milango kumi na tisa,
na hakuna hata mmoja aliyetamka tatu.
Msimamizi kaandika pembeni: *imani ya kuridhisha.*

Mama anachambua dengu, hainui macho.
"Na wewe, walikuuliza?"
Nikasema hapana,
nikatoka kuangalia kama gari nimelifunga.