Imla

Mwalimu Tusekile, ulitusomea imla kwenye mvua,
darasa la tatu, Mwakaleli, bati likikuzidi sauti.
"Barabara ya kwetu ina tope."
Nasi watoto wa Kinyakyusa, ndimi hazikuzaliwa na R,
tukaandika *balabala*. Tope likabaki lilelile.

Ulipita kati ya madawati na wino mwekundu.
Karamu si kalamu, ulisema.
Kosea herufi moja tu,
na mgeni aliyeomba kuandika
utampikia wali.

Leo umekaa mbele yangu, Hospitali ya Rufaa, Mbeya,
kitenge begani, kikohozi ndani ya leso.
Miezi sita walikutibu kifua kikuu kisichokuwepo.
Wakakuuliza habari za sigara. Ukawajibu:
"Nimevuta chaki, miaka thelathini na moja."

Tulikata kipande cha pafu, punje ya ulezi,
tukakifunga kwa nta, kikapanda ndege Songwe,
wewe mwenyewe hujawahi kupanda.
Huko mashine ikakusoma neno kwa neno,
haikuruka mstari, haikwenda kunywa chai.
Wiki tano. Ng'ombe mmoja,
na parachichi za bondeni zikauzwa zingali maua.

Jibu ninalo. Kurasa kumi na moja,
na ndani yake mstari mmoja.
Nakusomea polepole, ulimi ukijikwaa palepale pa zamani:
katika protini moja,
nafasi ya mia nane hamsini na nane,
palipaswa kuwa L.
Pana R.

Ukacheka.
Ukacheka mpaka muuguzi Ambokile akachungulia mlangoni.
Kikohozi kikaingilia, ukakifukuza kwa mkono.
"Kumbe ni R! Wenzake wakikosea hukimbilia L.
Huyu nilikuwa naye kila mwaka, mmoja au wawili.
Anaogopa kosa, basi R anaitia hata pasipotakiwa:
*kurara*, *kurima*, *kura chakura*.
Si mvivu huyo. Amezidisha bidii."

Sikuwa na maelezo bora.
Seli iliambiwa kua mara moja,
yenyewe inasikia kua, kua, kua,
haingoji kengele.

Kuna kidonge. Kimoja kila asubuhi.
Hakifuti, Mwalimu. Kosa limeshanakiliwa
kwenye mifupa, na kidogo kwenye ini.
Kidonge hukaa juu ya herufi
kama kidole chako ulipokiweka midomoni
na darasa likanyamaza.
Mwaka. Pengine miwili, pengine zaidi.
Kisha mmoja wa viti vya nyuma atabuni kosa jipya,
nasi tutakata tena, tutasoma tena.
Kupona sikuahidi. Neno hilo nimelitafuta
kurasa zote kumi na moja.

Ukauliza bei. Nikaitaja.
Ukauliza tena, kana kwamba nimekosea tahajia.
Halafu: "Na yule mama wa Chunya, kitanda cha pili,
yeye herufi yake ipi?"
Yake haijasomwa.
"Kwa nini?"
Nta yake imo kabatini, tangu Machi.
Nikatazama sakafu, kama zamani
nilipokuja shuleni bila daftari,
na wewe, kama zamani,
hukuuliza mara ya pili.

Nje, jua kali juu ya Loleza.
"Nipe kalamu," ukasema.
Nikakupa. Ya buluu.
"Nyekundu huna?"
Sina.
Ukaizungushia R duara, taratibu,
mkono uleule usiotetemeka.
Pembeni hukuandika maksi.
Ukaikunja karatasi mara nne, ukaitia kifuani,
ukauliza kama kidonge humezwa
kabla ya uji au baada.